Nina masaa 420 na robo ya hela ya Caravan, niingie kwenye ndege za misaada?

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, nakaa Tabata Segerea, nina leseni ya urubani wa biashara na masaa kama 420 hivi. Baba na baba mdogo wameuza shamba Kibaha, wenzangu wawili nao wameweka chao, tumefikisha kama robo ya bei ya ndege ndogo ya Cessna Caravan iliyotumika, iliyobaki tunataka tukope benki. Ndoto yangu ni kampuni ya kubeba misaada, Kigoma, Congo, Sudan Kusini, zile ndege nyeupe za UN. Je inalipa, na tuanzie wapi? Halafu kuna kitu mama yangu ananiuliza kila siku sijui nimjibu nini, eti kutengeneza faida kwenye njaa ya watu si dhambi?"

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala narudi Gongo la Mboto, ya pili nyumbani nimetulia, manake hilo swali la mama yako limenigusa kuliko hata la ndege na nitalirudia huko mbele. Mimi nipo kwenye ops, yaani upangaji na uendeshaji wa safari, za ndege ndogo tangu 1998, nilianza na kupima mizigo kwenye mzani, nikapanda nikawa napanga safari, miaka mitatu nilikaa Lokichoggio kule Turkana, Kenya, nikarudi Dar na mpaka leo meza yangu iko Terminal One pale uwanja wa zamani. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeziona hizi kampuni zikizaliwa na nyingine zikizikwa.

Kwa kifupi, hiyo ndege msinunue sasa hivi. Biashara ipo, tena ni kazi ya heshima na inalisha watu, ila mmeanza na kitu ambacho kwenye hii kazi kinatakiwa kiwe cha mwisho au cha karibu na mwisho, nitakueleza kwa nini.

Tuanze na hizo ndege nyeupe. Watu wengi wanadhani UN wana ndege zao, hawana. Lile shirika la ndege za misaada, UNHAS, linaendeshwa na WFP, yaani Mpango wa Chakula Duniani, tangu 2004, na kazi yake ni kupeleka wafanyakazi wa misaada na mizigo midogo kule ambako ndege za kawaida haziendi au zinaenda lakini huwezi kuziamini. Miaka ya karibuni wamekuwa wanabeba abiria zaidi ya laki tatu kwa mwaka, na ndege zote ni za kukodi kwa makampuni binafsi, marubani ni wa hayo makampuni, mafundi ni wa hayo makampuni, UN wanaweka nembo yao na ratiba na masharti. Kwa hiyo mlango unaouota upo kweli, hujaota hewa. Na mkataba wao kwa kawaida unakuhakikishia idadi ya chini ya masaa ya kulipwa kila mwezi, uruke usiruke, ukizidisha wanaongeza kwa saa, na mafuta mara nyingi yanakuwa juu yao. Hapo ndo macho ya vijana yanapotoka, wanapiga hesabu ya masaa mara dola mara miezi kumi na mbili wanaona nyumba Mbweni.

Sasa geuza karatasi upande wa pili. Siku ndege ikiwa mbovu hulipwi, ikikaa mbovu wanataka ulete nyingine au mkataba unavunjika, na hiyo nyingine unaitoa wapi we mwenye moja? Na kabla hata jina lako halijaingia kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuomba tenda wanakuja kukukagua, wana viwango vyao vya usafiri wa anga walivyoandika pamoja na wenzao wa kulinda amani, na wakaguzi wa usalama wa WFP wapo mpaka Nairobi hapo. Wanachotafuta kwenye ukaguzi ni kampuni ambayo tayari inaruka, yenye kumbukumbu za matengenezo miaka nyuma, yenye rubani mkuu aliyekula chumvi, yenye mtu wa usalama ambaye si shemeji ya mwenye kampuni. Masaa 420 ni mwanzo mzuri mwanangu na hongera, ila kwa masaa hayo kiti cha kushoto, cha rubani kiongozi, kwenye mkataba wa UN hukipati hata kama ndege ni ya baba yako.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu ya kilo, manake hii ndo hesabu ambayo watu wa nje hawaipigi na ndo inaua ndoto. Caravan ya 208B uzito wake wa juu wa kuruka ni kama kilo 3,970. Ukitoa ndege yenyewe na viti na vifaa vyake unabaki na kama 1,600, mara nyingi pungufu kidogo. Toa marubani wawili na mabegi yao, weka 180, umebaki na 1,420. Njoo kwenye mafuta. Inakula kama kilo 165 kwa saa, unaenda sehemu ya masaa mawili ambako hamna mafuta, lazima urudi masaa mawili mengine, na akiba ya dakika 45 juu yake, hapo umeshapakia karibu kilo 780 za mafuta. Kilichobaki cha kubeba misaada ni kama kilo 640. Ile ndege watu wanaita ya tani moja na nusu imekuwa ya kilo 640, na bado hatujaweka joto. Kiwanja kikiwa juu na jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi na ndege inabeba kidogo zaidi, Dodoma tu hapo uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ukiruka saa nane mchana na ukiruka saa kumi na mbili asubuhi ni kama ndege mbili tofauti.

Mgao wa chakula wa mtu mmoja kwa mwezi, nafaka na maharage na mafuta na uji wa lishe, ni kama kilo 16. Gawanya mwenyewe. Caravan yako ikienda na kurudi safari moja imelisha watu 40 kwa mwezi, na kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu kule Kigoma imekuwa na watu zaidi ya laki moja. Ndo maana chakula cha Kigoma kinaenda kwa lori na treni, kinatoka bandarini hapa kinapita Isaka na njia nyingine, na kule ambako hata lori halifiki wanatumia lidude kama Ilyushin 76 lenye uwezo wa kudondosha kama tani 30 kwa safari moja, magunia yakiwa yamevalishwa magunia mengine juu yake ili yasipasuke yakigonga chini. We na pangaboi yako hamuwezi kushindana na hilo wala hamtakiwi.

Pangaboi inabeba vitu vyepesi ambavyo vikichelewa mtu anakufa. Chanjo ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, damu, daktari wa upasuaji, muuguzi, mtu wa maji, kipuri cha pampu. Niliwahi kupeleka kibahasha cha mipira ya pampu, uzito wake haufiki hata kilo, kilikuwa ndo mzigo pekee wa maana ndani ya ile ndege siku hiyo, pampu ya kambi imekufa na watu wameanza kuchota maji mtoni. Mzigo wa namna hii unalipiwa kwa sababu ya saa na dakika, na mteja akikupa anataka ujue unachobeba. Klorini kwa mfano. Watu wa maji wanakuletea ndoo za klorini za kutibu maji wakati wa kipindupindu wanadhani ni sabuni, kumbe kwenye ndege ni mzigo wa hatari, una ufungaji wake, una karatasi zake, na una vitu haukai navyo karibu. Kampuni yako isipokuwa na mtu aliyesomea hilo na mwenye cheti kinachoishi, siku moja mtawasha moto hewani.

Nikupe kisa kimoja cha Loki, yaani kule Lokichoggio, manake naona hiki kinakufaa kuliko makabrasha. Kule tulikuwa tunaruka kwenda viwanja vya udongo Sudan ya kusini, na kabla ya ndege kuondoka unaongea kwa redio na mtu wa kiwanja unamuuliza hali ikoje. Mwanzoni nilikuwa nauliza kama mjinga, je kiwanja kimekauka? Jibu kila siku lilikuwa ndiyo, kizuri sana, njooni. Na ndege inafika inakuta tope, inazunguka inarudi na mzigo, mafuta yameungua, au mbaya zaidi inatua inazama na inakaa siku nne mpaka jua lirudi. Nilikasirika sana mwanzoni nikidhani wale watu ni waongo. Mzee mmoja wa dispachi akanikalisha akaniambia, binti, huyo unayemuuliza watoto wake wana njaa, akikuambia hapajakauka ndege haiji, we ungejibu nini? Tangu siku ile nikabadilisha maswali. Nauliza mvua ya mwisho ilinyesha lini na ilikata saa ngapi. Nauliza ng'ombe wakipita sasa hivi kwato zinaacha shimo au zinaacha alama tu, na shimo likiwepo lina maji ndani? Nauliza nani amepita kiwanjani na baiskeli leo na alipita katikati au pembeni. Hapo unapata ukweli bila kumlazimisha mtu kuchagua kati ya ukweli na tumbo la mwanawe. Yaani ukiniuliza kampuni ya misaada inauza nini nitakuambia inauza hiyo, ule uwezo wa kusema kesho saa mbili tutafika na kweli mkafika, au kusema leo hapana mapema kabla mteja hajapanga watu mia wakusubiri juani.

Na uwezo huo hauji na ndege, unakuja na watu, na watu wanachukua muda. Ndo maana nasema ndege baadaye.

Nimeona hili kwa macho yangu. Kuna kampuni moja hapa Dar, sitaitaja, mwenyewe alikuwa mtu mwema tu mwenye akili ya biashara, alileta ndege kabla hajapata cheti cha uendeshaji. TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wana utaratibu wa hatua tano, unaanza na mazungumzo ya awali, unapeleka maombi rasmi, wanasoma vitabu vyako vyote vya taratibu, wanakuja kukuona ukifanya kweli, ndipo wanakupa hicho cheti ambacho wote tunakiita AOC, na hiyo ni mbali na leseni ya kutoa huduma za anga yenyewe. Yeye alidhani ni kama leseni ya duka, miezi mitatu. Ikachukua mwaka na miezi, manake vitabu vyake alinunua vya kampuni nyingine akabadilisha jina, na kila mkaguzi akiuliza swali hamna mtu wa kujibu. Ndege muda wote huo imekaa Terminal One na ule upepo wa chumvi wa Dar, betri ikafa, kutu ikaanza kuingia kwenye viungio, injini isiyowashwa nayo ina taratibu zake za kuhifadhiwa na hawakuzifuata, na benki haijui habari za vitabu, benki inajua tarehe tano. Siku cheti kimetoka ndege ilikuwa inahitaji matengenezo makubwa na hela hamna. Aliuza nyumba, baadaye akauza na ndege. Sitaki niandike hivyo kuhusu shamba la Kibaha.

Kuhusu hela sitakaa sana, ila mambo matatu yaandike mahali. Injini ya Caravan, ile PT6, inatakiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa yote, kwenye masaa 3,600 na katikati hapo kuna ukaguzi wa sehemu ya moto, na hiyo ovahoo ni dola laki kadhaa, kwa hiyo kila saa unayoruka kuna dola unatakiwa uiweke pembeni na usiiguse hata mtoto akiumwa, makampuni mengi yanayokufa yanakufa kwa kula hela ya injini. Bima ya kawaida ya ndege haihusiki na vita, ukienda Sudan Kusini au mashariki ya Congo unakata bima ya vita peke yake na bei inapanda kulingana na habari za wiki hiyo. Na malipo yanakuja nyuma, umeruka mwezi mzima, umelipa marubani na posho na hoteli na vibali vya kutua, ndo unapeleka ankara na unasubiri, UN ni walipaji wazuri ukilinganisha na wengine ila na wao wanalipa baada ya kazi, mashirika madogo madogo unaweza kusubiri mpaka ukasahau. Usipokuwa na hela ya kuishi miezi minne bila kuingiza shilingi, usianze. Tena kuruka ndani ya Congo au Sudan Kusini kunataka vibali vya nchi zao, usidhani cheti cha hapa kinakutosha huko.

Halafu kuna hili la kutegemea kapu moja. Lokichoggio ilikuwa kijiji cha wafugaji, operesheni ya kupeleka misaada Sudan ikaanza 1989, pakageuka mji wa ndege, zile kubwa za mizigo Hercules na Buffalo zinaamka alfajiri kama madaladala, mahoteli yakajengwa hadi ya bwawa la kuogelea, watu wakakopa wakajenga wakijua itakuwa hivyo milele. Januari 2005 wakasaini amani Nairobi, taratibu shughuli zikahamia Juba, na Loki ikalala. Amani ni kitu cha kumshukuru Mungu na mimi nililia kwa furaha, ila waliokopa walibaki na vitanda vitupu. Na safari hii kilichobadilika si amani, ni mfuko. Januari 2025 Marekani walisimamisha misaada yao ya nje, Julai mwaka huo huo USAID ikafungwa, na WFP wakatangaza kwamba wanategemea kupata pungufu kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na 2024. Mfuko ukisinyaa safari zinapunguzwa na ndege zinarudishwa kwa wenyewe. Nakuambia haya kwa sababu kwenye ujumbe wako umetaja UN tu, hujataja mteja mwingine hata mmoja.

Mteja mwingine unaye hapa hapa. Dar ndege ndogo zinaishi kwa watalii, Zanzibar na mbugani, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Desemba mpaka Februari, masika ikiingia Aprili zinalala. Na masika ndo barabara zinakatika, ndo mashirika yanatafuta ndege. Ukiwa na wenzako mkajipanga mnaweza kuwa na kampuni inayokula kwa watalii na kufanya misaada kwa safari za siku moja moja, bila kuifunga ndege kwenye mkataba wa mwaka mzima nchi ya watu. Angalia wanavyofanya Flying Doctors wa Amref, walianza 1957, wazo lenyewe linasimuliwa kwamba lilizungumzwa chini ya Kilimanjaro upande wetu huku na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Leo wanauza uanachama wa kuokolewa kwa ndege, mtalii na mkazi wanalipa, wagonjwa wenye bima wanalipa, na mapato hayo yanasaidia kumbeba mama wa kijijini asiye na kitu. Mimi huo mpango naupenda kuliko yote niliyowahi kuona, kwa sababu mgonjwa maskini hasubiri mfadhili wa Ulaya aamke.

Kuna na njia ya kuingia bila ndege kabisa. Air Charter Service ya Uingereza ilianzishwa 1990 na Chris Leach, kazi yao ni kumtafutia mteja ndege inayofaa kwa kazi yake na kusimamia safari, na wamepeleka mizigo mingi sana ya misaada duniani. Hapa Dar una bandari, una barabara ya Nyerere imejaa magodauni kuanzia Vingunguti mpaka Kipawa, una mashirika yanayohangaika kujua ndege ipi inatua wapi na kilo ngapi. Mtu anayejua viwanja, anayejua karatasi za forodha, mwenye makasha ya baridi yanayofanya kazi na anayepokea simu saa tisa usiku, huyo anahitajika leo, na mtaji wake ni sehemu ndogo sana ya hiyo ndege.

Jambo moja sina mjadala nalo. Ukiingia kwenye misaada ndege yako haibebi silaha wala haibebi askari wa upande wowote, hata mara moja, hata kwa bei mara tano. Misingi ya kazi hii Umoja wa Mataifa uliiandika Desemba 1991, unasaidia binadamu kwa sababu ni binadamu, hupendelei, huegemei upande. Siku wapiganaji wakijua ile ndege ya jana ilileta risasi, kesho wanaipiga ile iliyoleta chanjo, na aliyemo ndani ni mtoto wa mtu. Viktor Bout, yule Mrusi aliyehukumiwa Marekani miaka 25 mwaka 2012 kwa mambo ya silaha, ndege za mtandao wake ziliripotiwa kubeba mpaka mizigo ya misaada katika miaka tofauti, na aibu hiyo ndo moja ya sababu siku hizi wanakuuliza mmiliki halisi ni nani, hela imetoka wapi, ndege ilikuwa wapi miaka iliyopita. Wakikuuliza usikasirike, na hati za lile shamba zitunze vizuri.

Sasa mama yako. Mwambie kwanza anauliza swali ambalo wengi kwenye hii biashara hawajawahi kujiuliza. Mwambie mwaka 1948 Berlin Magharibi kule Ujerumani ilipozungukwa na Wasovieti wakafunga barabara na reli, upande huo wote wa mji ulilishwa kwa ndege kwa zaidi ya mwaka, zaidi ya tani milioni mbili, na pamoja na ndege za majeshi Waingereza walikodi za kampuni binafsi. Kijana mmoja Mwingereza anaitwa Freddie Laker alikuwa na ndege kumi na mbili aina ya Halton alizonunua kwa BOAC, shirika la ndege la Uingereza, pamoja na spea zake, akaingia. Alipata faida, tena ndo iliyomjenga. Watu wa Berlin nao walipata makaa na unga. Ile faida ndo iliyonunua tairi la kesho yake. Kampuni isiyopata faida inaanza kuruka na tairi lililoisha, inaahirisha ukaguzi, inamlipa rubani nusu mshahara, na mwisho wake ni msiba, kwa hiyo kulipwa bei ya haki kwa kazi ya haki sioni dhambi hapo na nimelipwa hivyo maisha yangu yote.

Ila dhambi ipo na nimeiona. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, barabara ya kuingia mjini ikakatika, watu wako juu ya mapaa, kila mtu anatafuta ndege na helikopta. Kuna mtu wa ukanda huu, simtaji, nilimpigia mwenyewe, bei aliyonipa asubuhi ilikuwa mara tatu ya bei yake ya wiki iliyopita, ndege ile ile, masaa yale yale. Nikamuuliza kimebadilika nini, akaniambia mahitaji. Nilikata simu nikakaa kimya kama dakika kumi hivi. Ile tofauti ya bei inatoka kwenye mfuko ule ule unaonunua mahema na chanjo, kwa hiyo kuna mtu kule chini aliyeilipa bila kuulizwa. Mpaka leo sijampa kazi yoyote na nikiulizwa namsema. Mwambie mama aweke sharti moja kabla hajakubariki, kwamba bei ya siku ya mafuriko iwe ile ile ya siku ya kawaida, ukiongeza uongeze gharama iliyoongezeka kweli na uionyeshe kwenye karatasi. Muiandike kwenye katiba ya kampuni hata kabla ya jina.

Mtaanza hivi basi. Hela ya shamba iwekeni mahali salama inapozaa kidogo, hati fungani za serikali zinatosha, na msimguse mtu wa benki kwanza. We nenda ukatafute kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan yoyote, Mwanza, Arusha, Zanzibar, popote, hata kwa mshahara mdogo, ukafikishe masaa. Mmoja wa wenzako aende ops au mizigo, asome mambo ya mizigo ya hatari, apate cheti. Mwingine kama ana kichwa cha ufundi pale NIT Mabibo wanafundisha matengenezo ya ndege, akasome hasa, manake fundi mwenye leseni kwenye kampuni ya ndege moja ni dhahabu. Mkishafika miaka mitatu minne mna vichwa vitatu vya kazi, hapo mkinunua ndege iingizeni kwanza kwenye cheti cha kampuni iliyopo, waiendeshe wao na nyie mkiwa ndani mnajifunza, ankara zinaingia wakati vitabu vyenu vinaandikwa na mikono yenu. Marehemu Michael Shirima alianza Precision Air 1993 na safari za kukodi kwa Piper Aztec ya watu watano, ndege ndogo kuliko hiyo unayoitaka, kwa hiyo usione aibu ya kuanza na kidogo.

Na ukitaka kuja uje, wiki hii nipo zamu ya asubuhi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri tunapakia ndege za mapema pale Terminal One, ulizia mama wa mzani getini watakuelekeza. Uje na hicho kitabu chako cha masaa, na uje na wale wenzako wawili, nataka niwaone wakipima mzigo.